HASIRA YA MUME NA UPANGA WA MAMLAKA
Historia ya sheria juu ya kumuua mwenzi aliyefumaniwa

Utangulizi

Wengi wetu tuliopata kuhudumu usharikani tumelisikia neno hili likisemwa msibani, kwa kawaida na wanaume, na kwa sauti ya chini: "Alimfumania. Angefanyaje?" Anayezikwa ni mke. Mume yuko mahabusu. Mchungaji, ambaye pengine ndiye aliyewafungisha ndoa, amesimama kati ya koo mbili akitafuta andiko la kuhubiri. Neno lile la msibani si la kisheria, lakini limebeba hukumu mbili kwa pamoja: kwamba marehemu alistahili, na kwamba aliyemuua alikuwa na haki. Mara nyingine msemaji huongeza kwamba hata serikali inalijua jambo hilo, ndiyo maana mtu wa namna hiyo huepuka kitanzi.

Katika makala hii twakusudia kuuliza maneno hayo yametoka wapi. Tangu zamani sheria zilimhesabuje mtu aliyemuua mwenzi wake, au mgoni wake, baada ya kuwafumania? Kanisa lilisema nini mbele ya sheria hizo? Na sheria tunayoishi chini yake leo ilitufikiaje? Tutaona kwamba huruma ya sheria kwa mtu wa namna hiyo ina mizizi miwili. Mmoja ni kuutambua udhaifu wa mwanadamu, na huo hatuna sababu ya kuung'oa. Wa pili ni wazo kwamba mke ni mali ya mumewe, na huo Kanisa halina budi kuukataa, hata pale unapovikwa vazi la Maandiko.

1. Torati na mataifa jirani

Katika mataifa yaliyoizunguka Israeli, uzinzi ulihesabiwa kwanza kuwa jambo la mume. Sheria za Hammurabi, mfalme wa Babeli katika karne ya 18 K.K., ziliagiza kwamba mke na mgoni wakikamatwa pamoja wafungwe na kutupwa majini. Hata hivyo mume akitaka kumponya mkewe, mfalme naye aweza kumponya yule mwanamume. Sheria za Ashuru zilikwenda njia hiyo hiyo: adhabu ya mgoni ilifuata ile ambayo mume angempa mkewe. Kipimo kilikuwa mkononi mwa mume aliyekosewa.

Torati inazo adhabu kali vivyo hivyo, nasi hatufichi jambo hilo. Mambo ya Walawi 20:10 na Kumbukumbu la Torati 22:22 zaagiza kifo kwa wote wawili, mwanamume na mwanamke. Lakini yatupasa kuangalia kile ambacho Torati haisemi. Hakuna mahali inapomruhusu mume kuua kwa mkono wake mwenyewe ndani ya nyumba yake. Shauri la kifo lahitaji mashahidi wawili au watatu (Kum 17:6). Mume mwenye wivu asiye na shahidi hupelekwa kwa kuhani (Hes 5:11-31), wala haachiwi aamue peke yake. Na mwuaji hafi mpaka asimame mbele ya mkutano apate kuhukumiwa (Hes 35:12). Zamani za mababu haikuwa hivyo: Yuda, kama mkuu wa nyumba, aliamuru mkwewe Tamari atolewe na kuteketezwa kwa neno moja tu, kisha akagundua kwamba yeye mwenyewe ndiye mwenye hatia (Mwa 38:24-26). Twaweza kusema kwamba Torati iliitoa hukumu chumbani na kuipeleka langoni mwa mji.

2. Kaisari Augusto na sheria ya uzinzi

Yule Kaisari Augusto tumsomaye katika Luka 2:1 ndiye aliyetunga sheria mashuhuri kuliko zote za kale juu ya jambo hili. Takribani mwaka 18 K.K. alipitisha sheria iliyojulikana kama Lex Julia juu ya uzinzi. Kabla yake mambo hayo yalikuwa ya baraza la ukoo. Augusto aliyafanya kuwa makosa ya kushitakiwa mahakamani, na pamoja na hayo akaweka mipaka ya nani aweza kuua.

Baba wa mwanamke, aliye na mamlaka juu yake, aliweza kumuua binti yake na mgoni wakifumaniwa katika nyumba yake au ya mkwewe. Lakini ilimpasa awaue wote wawili mara moja. Akimuua mwanamume na kumwacha binti, alihesabiwa mwuaji. Mume hakuruhusiwa kamwe kumuua mkewe. Aliweza kumuua mgoni kama alimfumania ndani ya nyumba yake mwenyewe, tena kama mgoni huyo alikuwa mtu wa cheo cha chini, kama vile mtumwa, mwigizaji au mtu aliyefanya biashara ya makahaba. Baada ya hapo ilimlazimu kumwacha mkewe bila kukawia, na kutoa taarifa kwa hakimu katika siku tatu.

Msomaji atashangaa: kwa nini baba aruhusiwe na mume azuiwe? Mwanasheria Papinianus, aliyeishi mwishoni mwa karne ya 2 na mwanzoni mwa karne ya 3 B.K., alieleza kwamba upendo wa baba kwa mtoto wake humfanya atafakari, lakini joto la mume na haraka yake ya kuamua havina budi kuzuiwa. Hata sharti la kuwaua wote wawili lilikuwa na hekima yake: baba akimhurumia binti, mkono wake utamwachilia na yule mwingine. Warumi, ambao hawakuwa na Injili, walijua kwamba mume aliyefumania ndiye mtu asiyefaa kabisa kupewa upanga saa ile.

Hata hivyo waume waliua. Kaisari Antoninus Pius, aliyetawala mwaka 138 hadi 161, aliamua kwamba mume aliyemuua mkewe baada ya kumkuta katika uzinzi asipewe adhabu ya kifo, kwa kuwa ni vigumu mno kuizuia hasira yenye uchungu wa haki. Mtu wa hali ya chini afanye kazi ngumu maisha yake yote. Mtu wa cheo apelekwe uhamishoni kisiwani. Hapa ndipo tunapokutana na wazo ambalo lingeishi karne nyingi baadaye: mume huyu ni mkosaji, naye ataadhibiwa, lakini si kama wauaji wengine. Kaisari alimpunguzia adhabu tu. Haki ya kuua hakumpa.

3. Augustino na Pollentius

Karibu mwaka 420 Augustino, Askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini, aliandika vitabu viwili juu ya ndoa za uzinzi, akimjibu Mkristo mmoja aitwaye Pollentius. Hoja ya Pollentius ilikuwa juu ya talaka. Augustino alifundisha kwamba mume aliyemwacha mke mzinzi haruhusiwi kuoa mwingine wakati mke yule yu hai. Kukaja pingamizi: ikiwa ndivyo, basi waume watapenda kuwaua wake zao wazinzi ili wawe huru kuoa tena.

Jibu la Augustino ni thabiti. Lolote sheria ya dunia italoliruhusu au kulivumilia, katika sheria ya Kristo mume Mkristo haruhusiwi kumuua mke mzinzi. Mambo yote mawili ni haramu, kuua na kuoa tena. Na haiwezekani kufanya haramu moja ili kuihalalisha ya pili. Sisi Walutheri hatumfuati Augustino katika fundisho lake lote la kuoa tena, lakini katika hili la kuua hatuna la kumpinga.

Mambo mengine mawili katika kitabu hicho yatugusa zaidi. La kwanza, Augustino ataja habari ya mwanamke aliyefumaniwa katika Yohana 8, naye asema kwamba watu wa imani haba waliiondoa habari hiyo katika nakala zao za Injili, wakiogopa isije ikawapa wake zao ruhusa ya kutenda dhambi. Katika habari ile, wenye kuleta mashitaka walimleta mwanamke peke yake, ingawa Torati ilitaka wote wawili. Wala mume wake hatajwi popote. Waume wa Hippo waliona kwamba maneno ya Bwana Yesu yaliwanyang'anya kitu, na hawakukosea: yaliwanyang'anya jiwe.

La pili, Augustino asema kwamba waume wengi walikasirika walipoambiwa washike usafi ule ule wa ndoa wanaoudai kwa wake zao. Akawakumbusha neno la kaisari mmoja wa kipagani, Antoninus, kwamba mume asimshitaki mkewe kwa uzinzi ikiwa yeye mwenyewe hakumpa mfano wa maisha safi. Augustino aliwaaibisha Wakristo kwa kinywa cha mpagani, na kama angekuwa mgeni katika mabaraza yetu ya wazee tunapojadili nidhamu ya usharika, tunadhani angelirudia neno hilo.

4. Barua kwa mume aliyeua

Mwishoni mwa karne ya 8 tunaye mtu halisi aliyetenda jambo hili, na mchungaji halisi aliyemwandikia. Mtu huyo aliitwa Heistulf. Alimuua mkewe kwa tuhuma ya uzinzi, kwa ushuhuda wa mtu mmoja, bila shauri. Paulinus, Patriarki wa Aquileia huko Italia, alimwandikia barua. Hakumficha ukubwa wa dhambi yake: mwanamke aliuawa bila kuhukumiwa. Kisha akampa njia mbili. Aingie katika nyumba ya watawa na kutii mpaka kufa, nayo ndiyo njia nyepesi. Au abaki nyumbani katika toba ya maisha yote: asinywe divai wala kula nyama isipokuwa katika sikukuu kubwa, asichukue silaha, asioe tena, na asishiriki Meza ya Bwana mpaka saa ya kufa.

Mkristo wa Matengenezo hatakubali kwamba mateso ya mwili hulipia dhambi. Lakini barua ile yastahili kuheshimiwa kwa sababu mbili. Paulinus hakusema kwamba marehemu alistahili. Wala hakumtupa mume. Alimhesabu kuwa kondoo aliyepotea, anayeweza kurudi. Karibu mwaka 1140 mwanasheria wa Kanisa, Gratian, aliiingiza barua hiyo katika mkusanyo wake wa kanuni, pale alipouliza kama mume aweza kumuua mke mzinzi. Pamoja nayo aliweka jibu la Papa Nicholas I wa karne ya 9, kwamba Kanisa la Mungu halifungwi na sheria za dunia, halina upanga ila ule wa Roho, na kazi yake ni kuhuisha, si kuua.

Historia haikwenda mbele daima. Kaisari Justiniano, mwaka 542, alimruhusu mume aliyemwonya mwanamume mara tatu kwa maandishi mbele ya mashahidi amwue akimkuta tena na mkewe. Lakini mwaka 556 kaisari huyo huyo aliagiza kwamba mke mzinzi apelekwe katika nyumba ya watawa, na mumewe awe na miaka miwili ya kuamua kumrudisha nyumbani. Miaka miwili ya kupoa na kutafakari: huo nao ni ujuzi wa moyo wa mwanadamu.

5. Luther

Hatuwezi kumpitia Martin Luther kimya katika jarida kama hili, wala hatupaswi kumpamba. Katika kitabu chake cha mwaka 1522 juu ya maisha ya ndoa aliandika kwamba mzinzi anastahili kuuawa, na aliilaumu serikali kwa uzembe wake. Hapo hatumfuati. Lakini ni nani wa kuushika upanga huo? Kwa Luther ni mamlaka ya dunia peke yake. Mwaka uliofuata alifafanua katika kitabu juu ya mamlaka hiyo kwamba Mkristo hatumii upanga kwa ajili ya nafsi yake, bali huuachia utawala uliowekwa na Mungu kwa ajili ya amani ya jirani (Rum 12:19, 13:1-4). Mume aliyefumania ni mtu mwenye shauri lake mwenyewe, na kwa sababu hiyo hawezi kuwa hakimu. Njia alizompa Luther ni mbili: kuachana naye hadharani kwa sheria, au kumkemea faraghani na kukaa naye kama atatubu. Kwa njia ya faragha alitukumbusha Yusufu, ambaye kwa kuwa alikuwa mwenye haki hakutaka kumwaibisha Mariamu (Mt 1:19).

Ni wazi kwamba wakuu wa nyakati zile hawakuwa wakali kwa waume. Sheria ya jinai ya Kaisari Karolo V ya mwaka 1532, iitwayo Carolina, katika kifungu cha 150 iliorodhesha miongoni mwa mauaji yenye udhuru kumuua mtu aliyekutwa katika uchafu na mke au binti wa muuaji. Waprotestanti na Wakatoliki waliishi chini ya sheria hiyo hiyo.

6. Mithali katika kinywa cha hakimu

Sasa twaelekea Uingereza, kwa kuwa huko ndiko ilikotoka sheria yetu. Mwaka 1671 mahakama ya London ilisikiliza shauri la mume aliyemkuta mwanamume na mkewe, akampiga kwa kigoda mpaka akafa. Mahakama iliona kwamba si kuua kwa kukusudia. Mume alihukumiwa kuchomwa chapa mkononi, na msimamizi wa adhabu akaagizwa amchome taratibu, kwa sababu hapawezi kuwapo uchokozi mkubwa kuliko huo.

Mwaka 1707 Jaji Mkuu Holt aliikusanya sheria hiyo katika shauri la Mawgridge. Shauri lenyewe halikuhusu uzinzi hata kidogo. Lilikuwa la ugomvi kati ya wanaume katika Mnara wa London. Lakini Holt, akitaka kueleza ni uchokozi gani unaoweza kupunguza kosa la kuua, alitaja aina nne, na mojawapo ilikuwa kumfumania mtu na mke wa muuaji. Sababu alizotoa zilikuwa mbili: kwamba wivu ni ghadhabu ya mwanamume, na kwamba uzinzi ndio uvamizi mkubwa kupita wote wa mali.

Sababu ya kwanza wasomaji wetu wameitambua. Ni Mithali 6:34. Hapa yatupasa tusimame kama wafafanuzi wa Maandiko. Sura ile yasema na nani? Mume hayumo miongoni mwa wasikilizaji. Asemeshwaye ni kijana anayevutwa na mke wa mtu mwingine, naye aambiwa kwamba anachezea moto: mume yule akikasirika hatakubali fidia wala zawadi (6:35). Ghadhabu ya mume imetajwa kama hatari, sawasawa na makaa ya moto yaliyotajwa mistari michache juu yake (6:27-28). Mwenye hekima akisema kwamba simba hurarua, hakumpa simba haki ya kurarua. Holt aliliondoa onyo mahali pake na kuligeuza kuwa udhuru.

Sababu ya pili ndiyo mzizi mbaya tuliousema mwanzoni. Mke amewekwa katika hesabu ya mali, na mgoni katika hesabu ya wezi. Ushahidi wake uko katika upande wa pili wa sheria hiyo hiyo. Mke wa Kiingereza aliyemuua mumewe hakuhesabiwa tu kuwa mwuaji. Kwa sheria ya mwaka 1351 alihesabiwa msaliti, kama mtumishi aliyemuua bwana wake, na mpaka mwaka 1790 adhabu yake kisheria ilikuwa kuchomwa moto. Kosa hilo la usaliti wa nyumbani lilifutwa mwaka 1828. Kwa hiyo mume alichomwa chapa mkononi taratibu, na mke aliteketezwa. Ikiwa mzizi ungekuwa ni udhaifu wa mwanadamu peke yake, je, mwanamke si mwanadamu?

Ufaransa haikuwa bora. Kifungu cha 324 cha sheria ya adhabu ya mwaka 1810 kilimpa mume udhuru akimuua mkewe na mgoni aliowafumania katika nyumba ya ndoa. Mke hakupewa udhuru huo.

7. Sheria ilivyofika kwetu

Uingereza ilipoichukua Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mwaka 1920 ilileta sheria ya adhabu ya India, iliyokuwa imeandikwa na Waingereza. Mwaka 1930 ikawekwa Kanuni ya Adhabu, iliyofanana na zile za Kenya na Uganda za mwaka huo huo, ambayo ndiyo chimbuko la sheria ya Tanzania Bara mpaka leo. Kifungu cha 196 chaeleza kuua kwa kukusudia, na cha 197 chakiwekea adhabu ya kifo. Kifungu cha 201 chasema kwamba mtu aliyeua katika joto la hasira, kwa sababu ya kughadhibishwa ghafla, na kabla hasira hiyo haijapata muda wa kupoa, ana hatia ya kuua bila kukusudia.

Mambo manne katika vifungu hivyo yafaa yafahamike na kila mchungaji. Kwanza, uzinzi hautajwi humo. Mahakama hulipima jambo la kufumania kama zinavyopima uchokozi mwingine. Pili, sheria husema "mtu", wala haisemi mume. Mke naye aweza kujitetea kwa utetezi huo. Tatu, ni lazima hasira iwe ya ghafla. Mtu aliyesikia uvumi leo, akanoa panga kesho na kuvizia njiani kesho kutwa, hana utetezi huo. Nne, na hili ndilo kubwa, kuua bila kukusudia ni kosa la jinai, na kifungu cha 198 chaweza kumpeleka mtu gerezani maisha yake yote. Kwa hiyo yule anayesema msibani kwamba serikali inalijua jambo hilo amekosea. Serikali haikusema kwamba alikuwa na haki. Ilisema kwamba ni mkosaji aliyeshindwa kujitawala.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliongeza mambo ambayo Lex Julia haikuyafikiria. Kifungu cha 66 chatamka kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumpiga mwenzi wake, hata kama mila yasema vinginevyo. Kifungu cha 72 chamruhusu mume au mke, yeyote kati yao, kudai fidia ya ugoni kwa mtu aliyezini na mwenzi wake. Na kabla ya kuomba talaka, kwa kawaida shauri hupelekwa kwanza katika Baraza la Usuluhishi la Ndoa. Ziko basi njia za halali kwa mtu aliyeumizwa.

Huko zilikotoka sheria za kale, mambo yamebadilika. Ufaransa ilikifuta kifungu chake mwaka 1975. Italia, ambayo kwa kifungu cha 587 ilimpa mwuaji wa namna hii kifungo cha miaka 3 hadi 7 tu, ilikifuta mwaka 1981. Uingereza ilitunga sheria mwaka 2009, iliyoanza kutumika Oktoba 2010, ikafuta utetezi wa zamani wa uchokozi na kusema kwamba uzinzi peke yake hauwezi kuwa sababu ya kupunguza kosa la kuua. Brazil, Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliamua mwaka 2023 kwamba hoja ya kulinda heshima ya mume haiwezi tena kutumika kumtetea aliyemuua mwanamke.

8. Mtu wa kawaida ni nani?

Kanuni yetu ya Adhabu inayo kipimo kinachotuhusu moja kwa moja. Kifungu cha 202 chauliza kama tendo lile lingeweza kumwondolea uwezo wa kujizuia "mtu wa kawaida", nacho chaeleza kwamba huyo ni mtu wa kawaida wa jamii anayotoka mshitakiwa. Mahakama basi huitazama jamii. Lakini ni nani anayemfundisha mtu wa kawaida wa jamii zetu jambo la kawaida ni lipi? Ni wazazi wake, ni rika lake, ni wazee wa ukoo. Na katika vijiji vingi ni sisi tunaosimama madhabahuni kila Jumapili. Tukimfundisha kwamba mke ni mali iliyolipiwa mahari, atafumania kama mtu aliyeibiwa. Tukimfundisha kwamba mke ni mrithi pamoja naye wa neema ya uzima (1 Pet 3:7), ataumia, pengine zaidi, lakini ataumia kama mtu aliyevunjiwa agano.

Kutokana na hayo yatupasa mambo kadhaa. Katika mafundisho ya ndoa tuseme waziwazi juu ya saa ile ya kufumania, kabla haijaja. Mwanamume afundishwe kwamba akifika mlangoni na kuona alichokiona, wajibu wake wa kwanza ni kutoka nje na kwenda kwa mtu: kwa mzee wa kanisa, kwa ndugu, kwa mchungaji hata usiku wa manane. Nasi tuwe watu wanaofunguliwa mlango na kufungua mlango. Mke au mume anayekuja kutuambia kwamba ametishiwa kuuawa tusimrudishe nyumbani kwa sala fupi na neno la kuvumilia.

Katika nidhamu ya usharika tuliangalie neno la Augustino. Ikiwa mwanamke aliyezini huondolewa Mezani mbele ya wote, na mwanamume aliyezini naye akaendelea kuimba kwaya, tumewafundisha washarika wetu somo lile lile la Jaji Holt.

Msibani tusimhukumu marehemu. Kama alitenda dhambi, hakupewa nafasi ya kutubu, na waliomnyima nafasi hiyo wasipewe sifa. Na gerezani twende kama Paulinus, si kumhesabia haki yule mtu kwa hasira yake, bali kumsaidia aungame bila udhuru, ili asikie ondoleo la dhambi lililo la kweli. Mtu anayeambiwa kwamba hakukosa hana haja ya Injili. Tusiwasahau watoto wake, ambao siku moja walipoteza mama kaburini na baba gerezani, na wasio na mtu wa kuwaeleza kwa nini.

Hitimisho

Tumeona kwamba tangu Torati, hukumu ilikuwa ikiondolewa katika mkono wa mume na kupelekwa mbele ya mashahidi, wazee na mahakimu. Tumeona pia kwamba mume aliyeshindwa na hasira amehurumiwa tangu Antoninus Pius mpaka Kanuni yetu ya Adhabu. Huruma hiyo hatuipingi, maana sisi sote tu mavumbi. Tunachokipinga ni kule kuigeuza huruma kuwa haki. Bwana wetu aliinama akaandika chini, na wenye mawe wakapata muda wa kujitazama, wakatoka mmoja mmoja, wakianzia wazee. Kanisa likiweza kumpa mtu aliyefumania muda kama huo, hata kama ni wa usiku mmoja tu, litakuwa limeokoa roho mbili.